Alichokifuta Mwandishi wa Vita

Hotuba hii niliitoa Iringa mjini, mbele ya waandishi wa habari wa Nyanda za Juu Kusini na wanafunzi wa uandishi. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya wasomaji. Vicheko nimeviacha mahali pake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma: kamwene! (Kamwene!) Wa Mbeya na Tukuyu mlioamka usiku kuwahi basi, ndaga fijo, asanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwandishi na vita. Mnategemea nianze na Kagera, nami Kagera nitafika. Lakini leo nimekuja na Mwingereza mmoja, Winston Churchill. Naona wazee hapa mbele mmeshakunja uso. Ndiyo, mkoloni yule yule. Mnayemjua ni babu mnene mwenye sigara mdomoni, aliyeshinda vita ya Hitler. Huyo nawaachia walimu wa historia. Mimi namtaka kijana wa miaka ishirini na ushee, luteni wa askari farasi, mwenye bastola kiunoni na mkataba wa gazeti mfukoni. Alikuwa mwanajeshi, akawa mwandishi, akawa mwanasiasa, na kwa muda fulani alikuwa vyote vitatu kwa pamoja. Hapo ndipo penye somo letu.

Alizaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa mamwinyi. Baba yake aliwahi kuwa waziri wa fedha, lakini nyumbani kwenyewe fedha ilikuwa ikipita tu. Mwaka 1895 akapewa uofisa. Mshahara wa luteni haukutosha hata kulisha farasi zake, na alichokitaka hasa kilikuwa Bunge. Wakati huo mbunge wa Uingereza hakulipwa mshahara; ulianza kulipwa mwaka 1911. Kwa hiyo kijana huyu alihitaji vitu viwili, jina na fedha, na aliona kwamba vita inaweza kumpa vyote, mradi awepo na aandike.

Fuateni malipo yake, mtaelewa. Mwaka 1897, kule Malakand, mpakani mwa India, gazeti la Daily Telegraph lilimlipa pauni 5 kwa kila safu. Mwaka uliofuata, Sudan, Morning Post likampa pauni 15 kwa safu. Mwaka 1899, Afrika Kusini, gazeti hilohilo likamlipa pauni 250 kwa mwezi pamoja na gharama zake. Nadhani hapa ndani wapo watu wanaolipwa kwa stori, tena kwa kuchelewa. (Kicheko.) Basi mjue kijana huyu alijua kujadiliana bei.

Sudan ndiko ninakotaka tukae.

Jenerali Kitchener, aliyeongoza jeshi la Uingereza na Misri, hakumtaka kabisa. Ofisa anayeandika magazetini ni mzigo kwa jenerali yeyote. Mama yake kijana, Lady Randolph, alikuwa na marafiki katika kila ofisi ya London, akabisha hodi kila mahali. Haikusaidia. Ndipo Waziri Mkuu mwenyewe, Lord Salisbury, aliyekuwa amekisoma kitabu cha Malakand na kukipenda, akamwombea. Mwishowe kijana alipata nafasi katika kikosi cha 21 cha askari wa mikuki wapanda farasi, kwa sharti kwamba aende kwa gharama zake, na akifa au akijeruhiwa jeshi halitadaiwa hata senti. Makala zake aliziandika kwa mtindo wa barua kwa rafiki, ili ionekane kana kwamba zimelifikia gazeti kwa bahati tu. Hakuna aliyedanganyika.

Tarehe 2 Septemba 1898, nje ya Omdurman, jeshi la Khalifa, mtawala wa Sudan aliyemrithi Mahdi, lilikuja asubuhi likiwa na bendera, mikuki na bunduki kuukuu, likakutana na bunduki za mashine za Maxim na mizinga ya kwenye meli za mto Nile. Kabla ya chakula cha mchana mambo yalikuwa yamekwisha. Upande wa Khalifa walikufa watu wapatao 10,000. Upande wa Kitchener walikufa 48. Kikosi cha Churchill kilifanya shambulio la farasi lililosifiwa sana magazetini, nacho kilipoteza watu 21 kwa dakika chache, katika shambulio ambalo halikubadili chochote katika matokeo ya siku ile.

Angeweza kuishia hapo. Magazeti ya London yalitaka farasi na tarumbeta, na hivyo aliwapa. Lakini siku tatu baadaye alirudi uwanjani na mwenzake, wakiwa juu ya farasi, kuangalia. Yale aliyoyaona aliyaweka kwenye kitabu chake cha vita vya mto Nile, kilichotoka mwaka 1899 kwa juzuu mbili nene. Alikuta majeruhi bado wako hai juani, katikati ya maiti zilizokwisha kuvimba. Mmoja wao mguu mmoja ulikuwa umekatika; mtu huyo alikuwa akitambaa kuelekea mtoni kutafuta maji. Kwa siku tatu alikuwa amejikokota maili moja, na mto ulikuwa bado maili mbili mbele yake. Churchill anaandika kwamba anajiuliza kama aliwahi kuyafikia maji.

Vijana, niwaambie kwa nini nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Hakuna sifa ndani yake. Mwandishi kapima umbali, kataja siku, kataja mguu, basi. Ukiandika ajali ya lori pale Kitonga ukaanza na “simanzi na vilio vimetanda”, msomaji hajaona kitu. Mwambie gari lilishindwa kona ipi, utingo alikutwa wapi, viatu vilikuwa upande gani wa barabara.

Katika kitabu hicho akaenda mbali zaidi. Alimlaumu jenerali wake, kwa jina, kwa namna majeruhi wa adui walivyotendewa. Kisha akafika kwenye kaburi la Mahdi. Muhammad Ahmad, Mahdi mwenyewe, kiongozi wa dini aliyeanzisha dola ile ya Sudan, alikuwa amefariki mwaka 1885, miaka 13 kabla ya vita ile. Kitchener akaagiza kaburi lake libomolewe. Mwili ukafukuliwa, kiwiliwili kikatupwa mto Nile, kichwa kikatengwa na kuhifadhiwa. Kitchener alifikiria kukipeleka London kwa chuo cha madaktari wa upasuaji. Malkia Victoria mwenyewe aliposikia alichukia, na mwishowe fuvu lilizikwa kimyakimya Wadi Halfa. Churchill, kijana wa miaka 24, ofisa wa chini kabisa, aliandika juu ya tendo hilo kwa kejeli kali: huo ndio uungwana wa washindi.

Sasa simameni na mwaka huo, 1898.

Huku kwetu, Julai ya mwaka huohuo, wiki chache tu kabla ya Omdurman, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi porini baada ya kuwindwa miaka minne. Wajerumani walikuwa wameiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894 na bado hawakumpata. Wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa chake. Sajini meja Merkl ndiye aliyemfikia, akakuta kafa, na kichwa kikakatwa. Mnajua kilikokwenda: Ujerumani.

Yaani katika miezi mitatu, mwaka mmoja, kaskazini na kusini mwa bara hili, mataifa mawili yaliyojiita mastaarabu yalibeba vichwa vya viongozi wa Kiafrika. Kichwa cha Mahdi kilizua kelele: magazeti yaliandika, na mwaka 1899 Bunge la Uingereza, lilipokuwa likijadili kumzawadia Kitchener pauni 30,000, lilibishana juu ya kaburi lile mchana kweupe. Cha Mkwawa hakikuwa na kelele kama hizo. Sababu zipo nyingi, lakini mojawapo inatuhusu sisi wenye kalamu. Omdurman palikuwa na waandishi wa habari. Uhehe waliokuwepo ni maofisa walioandika vitabu juu ya vita walivyoviongoza wenyewe. Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, mmoja wa maofisa walioiteka Kalenga, aliandika kitabu. Gavana von Götzen, aliyeamuru vita dhidi ya Maji Maji, aliandika kitabu. Mtu anapiga, anahesabu maiti, kisha anakaa mezani kuandika jinsi alivyopiga. Umtegemee huyo akueleze habari ya anayetambaa?

Na tukumbuke kwamba Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, pale njia ya kwenda Ilula, Wahehe walikisambaratisha kikosi cha Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, naye mwenyewe akafa palepale. Ripoti zilizosomwa Berlin zilihesabu bunduki zilizopotea na Wazungu waliokufa. Wahehe waliokufa siku ile hawakuhesabiwa kwa majina na mtu yeyote mwenye karatasi. Walihesabiwa kwenye nyimbo, na nyimbo nyingine zimekufa na wenyewe.

Nirudi kwa kijana wetu. Mwaka 1899 anaandika hayo. Mwaka 1900 anachaguliwa mbunge wa Oldham. Mwaka 1902 kitabu kile kinatoka tena, safari hii kimefupishwa juzuu moja. Wachapishaji hufupisha vitabu, hilo si dhambi. Lakini tazameni kilichokatwa: lawama dhidi ya Kitchener zimetolewa. Jenerali alikuwa sasa shujaa wa taifa, mkuu wa majeshi ya Uingereza kule Afrika Kusini, na mwandishi alikuwa mbunge mwenye umri wa miaka 27, mwenye safari ndefu mbele yake. Kwa miaka mingi toleo lililosomwa na watu lilikuwa hilo fupi. Wasomaji wengi walimjua Churchill wa Omdurman bila kumjua Churchill wa kaburi la Mahdi.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kumpima mwandishi wa vita, weka matoleo mawili ubavuni, ukitafuta kilichokosekana katika la pili. Mwandishi huyu hakuwa mwongo. Sijaona mahali alipoukana ukweli wa mwaka 1899. Aliuondoa tu. Na sisi tunaofanya kazi katika vyumba vya habari vya mikoani tunaufahamu mkono huo. Stori haikataliwi, bali aya ya nne ndiyo inayopotea.

Afrika Kusini nitaipita haraka, maana wengi mnaijua. Novemba 1899 alikuwa kwenye treni ya kivita iliyopinduliwa na Makaburu, walowezi waliokuwa vitani na Waingereza, akatekwa, akafungwa Pretoria katika jengo la shule. Alidai aachiwe kwa kuwa ni mwandishi wa habari. Makaburu wakamwambia, tumekuona ukiamrisha watu kusukuma mabehewa chini ya risasi, uandishi gani huo? Hapo, kwa maoni yangu, Makaburu walikuwa na hoja. Desemba akaruka ukuta, akajificha kwenye mgodi wa makaa ya mawe Witbank, akapenya kwa treni ya mizigo mpaka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Makaburu walitangaza pauni 25 kwa atakayemleta, hai au maiti. Wazee wa Kalenga mnaweza kupiga hesabu: rupia 5,000 za siku zile, kwa rupia 15 kwa pauni moja, ni zaidi ya pauni 330. Mtwa alikuwa ghali mara kumi na tatu. (Kicheko na makofi.)

Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa imeshapiga marufuku mtu kuwa ofisa na mwandishi kwa wakati mmoja, na marufuku hiyo kwa sehemu kubwa ilitokana na yeye. Jenerali Buller akampa uofisa tena, bila mshahara, huku anaandika. Sheria ilitungwa kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyesamehewa.

Mwanasiasa je? Mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alikuja Afrika Mashariki: Mombasa, Nairobi, akavuka Ziwa Victoria hadi Uganda, akashuka na mto Nile. Njiani aliuza makala kwa jarida. Tabia haikufa. Mwanzoni mwa 1908 zilipomfikia taarifa za kikosi kilichotumwa kuwaadhibu Wakisii, aliandika kwa ukali kwamba haiwezi kuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga kwa idadi kubwa namna ile. Ni maneno ya yule kijana wa Omdurman kabisa. Tofauti ni moja: safari hii aliyaandika kwenye faili, ndani ya ofisi. Na kalamu hiyohiyo mwaka 1919, akiwa waziri wa vita, iliandika kuunga mkono matumizi ya gesi dhidi ya wale aliowaita makabila yasiyostaarabika. Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, yeye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu, na katika miaka ya hali hiyo zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akasema nimekuja kumpamba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu wa Iringa wanapaswa kulijua. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika miezi sita. Kifungu hichohicho kinataja pia msahafu wa Khalifa Uthman. Wajerumani wakasema hawalioni, jambo likalala. Mwaka 1921 Churchill aliingia ofisi ya waziri wa makoloni, na Tanganyika ikawa chini ya ofisi hiyo. Fuvu halikuja. Mwaka 1953 gavana Twining alikwenda Bremen, katika jumba la makumbusho lenye mafuvu kwa mamia, wakachagua moja lenye tundu la risasi ambalo vipimo vyake vilikaribia vya ukoo. Mwaka huohuo Churchill alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Juni 1954, akiwa bado Waziri Mkuu, fuvu lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa pale Kalenga. Wapo wanaobishana mpaka leo kama ndilo lenyewe, na ubishi huo una haki yake, lakini mwende mkalione kwenye kioo chake. Ni mwendo mfupi kutoka hapa.

Sasa Kagera, kama nilivyoahidi.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Novemba Mwalimu akazungumza, na sababu, nia na uwezo tunazikariri mpaka leo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Tulizipata habari kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na zilikuwa habari za nchi iliyo vitani: tumesonga, tumekomboa, wananchi changieni. Siwalaumu waliozisoma. Lakini vijana wengi wa Mufindi, Njombe, Rungwe na Mbozi walikwenda, wakiwemo wanamgambo waliotoka shambani. Walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Leo walio hai ni wazee, wanakaa Mafinga, Makambako, Uyole, wanalima viazi na kudai pensheni. Kila mwaka siku ya Mashujaa tunawapiga picha wakiwa na medali, tunaandika “wazee waaswa kuilinda amani”, tunaondoka.

Nawaomba msirudi na picha ya medali tu. Muulize mzee alikuwa amebeba nini mgongoni na kilikuwa na uzito gani. Muulize walikula nini siku walipochelewa kuletewa chakula, na maji waliyapata wapi. Muulize nani alikuwa kulia kwake. Muulize, kwa adabu na baada ya kumzoea, juu ya Waganda, na Walibya waliokuwa upande wa Amin, aliowaona wamelala chini, kwa sababu hao nao walikuwa na mama zao. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikwambia “hilo usiandike”, usiliandike, lakini andika tarehe aliyokwambia na uitunze. Na msimhukumu haraka anayesimulia habari tofauti leo na aliyoisimulia miaka kumi iliyopita. Rekodi zote mbili. Tofauti yao ni habari.

Jambo la mwisho linawahusu wenzangu wa rika langu zaidi kuliko vijana. Katika nchi yetu mwandishi kuwa mkuu wa wilaya, mbunge au msemaji wa wizara ni jambo la kawaida. Mzee Mkapa alitoka mezani kwa mhariri na mwishowe akafika Ikulu. Sioni ubaya. Ninachowaomba mnaoelekea huko, na nawajua baadhi yenu kwa sura (kicheko), ni kwamba kabla hamjaapishwa, nakala za kazi zenu za zamani mziweke maktaba ya mkoa, zote, pamoja na zile zilizomkera mtu ambaye sasa ndiye bosi wenu. Mkizikabidhi leo, hamtaweza kuzifuta kesho. Na mkutubi wa mkoa yupo hapa mstari wa tatu, nimeshamwomba rafu ya kuziweka.

Muda wangu umekwisha, mshereheshaji ananitolea macho. Tuchukue maswali. Dada mwenye mtandio wa kijani, anza wewe, halafu yule kijana wa Tukuyu ambaye tangu nitaje bei ya safu hajakaa sawa.